Ukurasa Nilioandika kwa Mwandiko Mzuri

Mwandiko wangu ni mzuri. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza. Nilipokuwa shule ya msingi Nyangamara, walimu walinipa chaki niwaandikie ubaoni, na nilipoanza kazi ya udaktari katika hospitali moja huku Kilwa, mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo, nilijiahidi kwamba sitaandika kama wenzangu, mistari iliyolala kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe.

Mgonjwa wa huku huja na daftari lake. Hulinunua kwenye duka la karibu na geti, daftari la kawaida la shule, na humo kila anayemwona huandika alichokikuta. Mgonjwa akimaliza, analirudisha nyumbani, linakaa chini ya godoro pamoja na vyeti vya watoto na karatasi za shamba. Mimi niliona ni vibaya mtu atunze kitu namna hiyo halafu asiweze kukisoma. Kwa hiyo niliandika Kiswahili, herufi moja moja, kila neno kamili. Nilijisifu moyoni kwa hilo. Nilidhani ni heshima kwa wagonjwa, na kwa kiasi fulani ilikuwa.

Mwanamke ninayemkumbuka alikuja kwangu mwezi wa kumi, korosho zilipoanza kuanguka. Ilikuwa mara yake ya tatu hospitalini mwaka ule. Alikaribia miaka thelathini, kunizidi kidogo tu. Alifuatana na mama mkwe wake, mwanamke mrefu aliyevaa kanga zilizopigwa pasi, na huyo ndiye aliyejibu maswali mengi. Ni tumbo. Linauma kuzunguka kitovu, linajaa, linanyonga. Siku nyingine linamlaza kutwa, siku nyingine anaamka mzima. Nikauliza tangu lini.

Mama mkwe akasema ni mwaka wa pili sasa. Mgonjwa mwenyewe akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba ni tangu alipougua kuhara damu. Nikaandika "miaka miwili". Ile ya kuhara damu nikaiacha ipite, kwa kuwa ilikuwa imeshatibiwa.

Lazima nieleze nilivyo. Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikimpa mtu vidonge naenda kulala nikiwaza kama nilimuuliza vizuri kuhusu dawa nyingine anazotumia. Nimewahi kurudi wodini kutoka nyumbani kwa miguu ili kuangalia tu kama niliandika kulia au kushoto. Na hofu yangu kubwa kuliko zote ilikuwa hii: kwamba siku moja nitamruhusu mtu aende zake akiwa na kitu tumboni ambacho mwingine angekiona. Kwa hiyo nilimpima kila kilichopimika. Damu, choo, mkojo kwa ajili ya kichocho, vidonda vya tumbo, ujauzito, na ultrasound, ambayo niliomba irudiwe ingawa ilishapigwa alipokuja mara ya pili. Majibu yalipokusanyika mezani, yote safi, nilifurahi.

Sikufurahi kwa ajili yake. Nilifurahi kwa ajili yangu.

"Habari njema," nikamwambia. "Vipimo vyote viko sawa. Huna ugonjwa."

Alikuwa anatazama mikono yake. Mama mkwe ndiye aliyesema alhamdulillahi, mara mbili. Mgonjwa mwenyewe aliuliza swali moja tu.

"Sasa kinachouma ni nini?"

Nikatabasamu. Nikamwambia asiwaze sana, ale vizuri, anywe maji ya kutosha. Kisha nikalivuta daftari nikaandika: *Vipimo vyote ni vizuri. Hana ugonjwa wowote. Aendelee na kazi zake kama kawaida.* Yale maneno ya katikati nikayapigia mstari kwa rula. Huwa nina rula mezani.

Wiki tatu baadaye nilipata siku mbili za mapumziko nikaamua kwenda kumwona mama yangu. Nilishuka Nangurukuru kungoja basi la kwenda Lindi, na pale kwenye benchi la mama lishe nikamkuta yule mama mkwe, kikapu kikiwa miguuni. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba kwa furaha, akanishika mkono, akamwambia mama lishe kwamba huyu ndiye daktari wetu, anaandika hata mimi niliyeishia darasa la nne nasoma bila miwani.

Kisha akanisimulia. Hakuwa na ubaya. Alisimulia kama mtu anayempelekea fundi habari za kazi yake, kwamba mlango unafunga vizuri.

Kumbe nyumbani kwao palikuwa na mgogoro wa muda mrefu. Kila msimu wa korosho mkamwana huyo alikuwa anadondoka kazini. Anaokota asubuhi, saa nne ameinama chini ya mti ameshika tumbo. Wapo waliosema ni mvivu, na wapo waliosema haitaki ndoa ila hana pa kuanzia. Mumewe alikuwa katikati, hajui amwamini nani. Baada ya kutoka kwangu waliitisha kikao uani, upande wa mume na upande wa mke, na daftari likapita mkono kwa mkono. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyelisoma kwa sauti. Baba mzazi wa yule mwanamke aliliomba, akaona mstari uliopigwa kwa rula, akalifunga akasema yeye hana la kuongeza. Basi kikao kikakata shauri: akilalamika tumbo tena kabla korosho hazijaisha, afungashe vyombo vyake arudi kwao.

"Na tangu siku ile hajaumwa hata mara moja," akasema yule mama. "Umemponya kwa kalamu, mwanangu."

Mama lishe akacheka. Akasema basi na yeye aandikiwe daftari ampelekee mumewe, anayeumwa mgongo kila akiambiwa kuchanja kuni.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nafasi ilikuwepo, basi lilikuwa halijaonekana. Nilikuwa na maneno, tena mazuri, nimeyasoma chuoni kwa miaka. Badala yake nilicheka nao. Yule mama akatoa kwenye kikapu mfuko wa korosho zilizokaangwa, nyeupe, nzima nzima, akaniwekea mapajani, nikasema asante sana, mama. Basi lilipokuja nilikaa dirishani, naye akanipungia mkono, na kwa kuwa alikuwa bado ananitazama nikafungua mfuko nikala moja. Tulipofika Lindi mfuko ulikuwa mtupu.

Nyumbani mama aliniuliza mbona huli. Nikasema nimeshiba korosho.

Kwa nje usingeonekana uzito wa jambo lile, hasa mbele ya mama yangu. Nilipokuwa kidato cha nne tumbo lilianza kuniuma kila asubuhi ya mtihani. Halikuwa la kujisingizia. Nilikuwa nakunjika kitandani, jasho la baridi linanitoka. Mama alinipeleka zahanati, na tabibu wa pale, baada ya kunibonyeza bonyeza, akamwambia kwamba kijana hana kitu, anaogopa mtihani. Mama yangu hajui kusoma sana na hapendi kubishana na watu wa ofisi. Lakini siku ile alimjibu kwa upole, "Kama wewe humwoni anavyoumwa, mimi namwona." Tukarudi, akapasha kanga juu ya kifuniko cha sufuria, akaikunja akaniwekea tumboni, kisha akanisindikiza shule.

Tabibu alikuwa sahihi: niliogopa mtihani. Na tumbo lilikuwa linauma. Imenichukua miaka mingi kukubali kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana. Chuoni nililisoma jina lake la kitaalamu, nikaulizwa juu yake kwenye mtihani, nikajibu yote, nikapata alama. Na mwanamke alipoketi mbele yangu na jambo lilelile, nikawa yule tabibu wa zahanati, ila mimi nilikuwa na rula.

Niliporudi Kilwa nilikaa siku tisa bila kumwambia mtu. Niliwaza niende kijijini kwao, nikawaza tena: kijana wa hospitali anamfuata mke wa mtu shambani, watasemaje? Niliwaza nipige simu, ila daftari la kliniki halikuwa na namba. Niliwaza kwamba labda kweli amepona. Hili la mwisho nililipenda zaidi, na ndilo linaloniaibisha zaidi. Kila siku niliyokuwa nawaza, yeye alikuwa chini ya mikorosho.

Siku ya kumi nikamweleza muuguzi mkubwa wa kliniki yetu, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, ambaye huniita daktari mdogo hata mbele ya wagonjwa. Alinisikiliza huku anakunja gozi za kufungia vidonda. Nilipomaliza hakunionea huruma hata kidogo.

"Unajua kwa nini sisi wa zamani tunaandika vibaya?" akasema. "Ili kikao kisisome."

Nikadhani anatania. Kumbe nusu yake ni utani. Akanieleza kwamba daftari huku si la mgonjwa peke yake. Linasomwa na mume, na wakwe, na mwenyekiti wa kitongoji kukiwa na ugomvi. Daktari akiandika ndani yake anatoa ushahidi, na hajui kesi ni ya nani. Nikamwambia basi nitamwita mgonjwa, nimweleze taratibu, faragha.

"Faragha ya nini? Ulimharibia mbele ya watu, utamtengenezea mbele ya watu. Mwite na mumewe, na huyo mama mwenye miwani."

"Hana miwani, mama."

"Basi ndiyo vizuri, ataona."

Alimtumia salamu mhudumu wa afya wa kijiji kile, na wiki iliyofuata walikuja wote watatu. Mume alikuwa mtu mkimya, mwenye aibu ya kuwa hospitalini. Mama mkwe alinisalimu kwa uchangamfu kama rafiki wa zamani. Yule mwanamke alikuwa amepungua. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi na zinabambuka, kama zinavyokuwa kwa mtu anayebangua korosho bila glavu, maana mafuta ya ganda huunguza. Nilipomuuliza hali akamtazama mama mkwe kwanza.

"Mzima," akasema.

Hapo nilielewa kitu ambacho sikukiwaza katika siku zote zile: hakuweza kunijibu. Akisema naumwa, amevunja sharti la kikao, mbele ya shahidi. Kwa sababu ya ukurasa wangu, hata kwa daktari alikuwa hawezi kuumwa. Ilibidi nianze mimi.

Nilianza vibaya. Nilisema kwamba elimu ya tiba inakua, kwamba wakati mwingine vipimo vina mipaka yake, kwamba ni vizuri kuangalia upya. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, laini, inazunguka. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni. Mume akanyanyua uso.

"Samahani, daktari. Kwa hiyo vipimo vilikosea?"

"Hapana. Vipimo vilikuwa sahihi."

"Basi nani alikosea?"

Aliuliza kwa heshima kabisa, kama mtu anayeuliza njia. Nikahisi tumbo langu linajikunja, lilelile la kidato cha nne. Niliwaza kwamba habari itafika kijijini, kutoka kijijini itafika kwa wagonjwa wengine, na kwamba hakuna atakayeamini tena ninachoandika.

"Mimi," nikasema. "Niliandika kwamba hana ugonjwa. Sikutakiwa kuandika hivyo. Vipimo vilionyesha kwamba hana kidonda, hana uvimbe, hana minyoo. Havikuonyesha kwamba haumwi. Hakuna kipimo cha kuonyesha hilo."

Mama mkwe alikaa wima. Nikaendelea haraka kabla sijaishiwa nguvu. Nikasema kwamba tumbo lina neva, nyuzi nyembamba zinazopeleka habari kichwani. Ule ugonjwa wa kuhara damu uliziamsha, na ulipopona zenyewe hazikulala. Sasa chakula kikipita tu, au gesi, au mtu akiwa na wasiwasi, zinapeleka habari kwamba kuna hatari. Utumbo hauna jeraha, lakini maumivu ni maumivu.

"Yaani ni mawazo," akasema mume, kama aliyepata jibu.

Kisha nikasema kwamba mawazo huyaongeza, nalijua hilo kwa sababu mimi mwenyewe tumbo huniuma hivyo, na vipimo vyangu pia ni safi.

"Wewe?" akasema mama mkwe. "Daktari?"

"Mimi, mama. Hata sasa hivi."

Akanitazama tumboni, kana kwamba atayaona maumivu yenyewe. Muuguzi akakohoa, na sidhani kama kilikuwa kikohozi.

Ndipo yule mwanamke alipozungumza. Hakuzungumza na mimi, alimwelekea mumewe. Akamkumbusha mwaka ambao nguruwe waliingia shamba la baba yake wakamaliza mahindi na mihogo yote usiku mmoja. Baada ya hapo baba yake alijenga dungu, kijukwaa cha kulindia shamba, akakaa juu yake na bati na rungu msimu mzima, anaamia. Mbwa akipita, anagonga. Upepo ukitikisa majani, anagonga. Hata panya.

"Nguruwe hawakurudi," akasema. "Lakini bati lilikuwa linalia kweli. Hakuna aliyelala."

Mama mkwe, ambaye ni wa kijiji hichohicho, akaguna. Akasema mzee yule aliwakesha kijiji kizima, mpaka watu wakataka kwenda kumvunjia dungu. Kisha akamtazama mkamwana wake kwa muda mrefu, na nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza siku ile. Mimi niliyesomea jambo hilo kwa miaka sikuwa na mfano unaoukaribia ule. Nimeutumia kwa wagonjwa wengi tangu hapo, na kila ninapoutumia nakumbuka kwamba si wangu.

"Sasa linauma?" mume akamuuliza.

Akatazama tena upande wa mama mkwe. "Linauma," akasema. "Tangu asubuhi. Tangu juzi."

Mama mkwe akalichukua daftari mapajani akaniwekea mezani, limefunguliwa ukurasa mpya. "Andika," akaniambia. "Kwa mwandiko uleule."

Niliandika: *Ana maumivu ya kweli ya tumbo. Yanatokana na neva za utumbo, ambazo vipimo vyetu havizioni. Hajisingizii. Yanapozidi apumzike. Nilipoandika ukurasa uliopita kwamba hana ugonjwa wowote, nilikosea.* Nikaweka sahihi. Nikaandika chini dawa ya kuzituliza zile neva, na kwamba ale kidogo kidogo kwa saa zilezile, na arudi haraka akitapika mfululizo, akipata choo cha damu au homa, au akizidi kukonda.

"Hupigi mstari?" akauliza mama mkwe.

Nikachukua rula, nikapiga mstari chini ya *hajisingizii*. Mstari ukapinda mwishoni hata kwa rula.

Mume akataka kuuchana ule ukurasa wa kwanza. Alishaukunja pembeni. Mkewe akaweka mkono juu yake.

"Uache," akasema. "Waliousoma ule ndio watakaousoma huu."

Alirudi peke yake baada ya korosho kwisha. Tumbo lilikuwa bado linamuuma, ila si kila siku, na likianza alikuwa anasema. Kikao kilikaa tena, mama mkwe akasoma kurasa zote mbili, wa kwanza na wa pili, akaongeza na ule mfano wa bati, na sharti likaondolewa. Baba yake alisoma mwenyewe pia, akaomba radhi kwa binti yake, halafu akataka kujua ni nani aliyemwambia daktari habari za bati.

Nilimuuliza zile wiki kabla sijamwita alikuwa anafanyaje. Akaniambia. Likimshika alikuwa anakwenda nyuma ya mti wa mbali, anauma pindo la kanga mpaka lipite, halafu anarudi na korosho mkononi, ili wanaomtazama wadhani alikwenda kuokota. Alisema hivyo bila kunilaumu, akakunja daftari lake.

Alikuwa ameshasimama alipogeuka.

"Zile korosho mama alizokupa Nangurukuru," akasema. "Nilizibangua na kuzikaanga mimi. Chumvi ilitosha?"

Aliuliza kama mpishi yeyote anavyouliza. Nilimtazama usoni nione kama kuna kejeli, nikatafuta sana, kama ninavyotafuta kila kitu. Sikuiona.

"Ilitosha," nikasema. "Nilizimaliza zote."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akatoka kwenda kupanga foleni dirisha la dawa.